Doa Sugu ni Doa Lililofichwa

Kila doa sugu unalolijua lilikuwa jepesi saa yake ya kwanza. Chai iliyomwagikia mkono wa sweta, damu kwenye sketi, wino wa biro mfukoni, mafuta ya chapati kwenye shati la kitenge, tope jekundu la barabara ya Malakisi: yashike haya yakiwa mabichi na mengi yatatoka, au yatafifia hadi mtu asiyaone, kwa maji baridi, sabuni ya kipande na dakika kumi za subira. Yaache siku tano, utaanza kutafuta miujiza.

Kwa hivyo lile swali tunalouliza kila wikendi, "hii kitu inatolewa na nini?", tunaliuliza tukiwa tumechelewa. Swali la kwanza ni lingine: hizo siku tano doa lilikuwa wapi? Katika nyumba nyingi nilizolala, jibu ni kwamba lilikuwa limefichwa. Chini ya godoro, katikati ya furushi, ndani ya begi la shule. Mtu aliliona, akaona haya au akaogopa, akanyamaza. Hoja yangu ni hiyo, na nitaishikilia hadi mwisho: madoa mengi ya nguo zetu yamefanywa sugu na aibu, kisha tunaenda dukani kununua dawa ya kemia kwa ugonjwa ambao tuliuanzisha kwa midomo iliyofungwa.

Mimi ni mtu wa Sirisia, kule chini ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, ingawa sasa nguo zangu naanika juu ya paa la ploti Nairobi, kwenye kamba ya kugombania. Ukizaliwa kwetu unajua madoa kabla ya kujua kusoma. Chukua utomvu wa ndizi. Unapokata mkungu, unachuruzika kama maji, hauna rangi, huna habari nao. Unarudi nyumbani na shati lako la buluu likiwa zuri tu. Jioni kuna vidoa vya kahawia. Ukilifua ovyo na kulipiga pasi, vimekuwa vyeusi na vimeamua kukaa.

Hakuna uchawi hapo. Utomvu ule una kemikali za jamii moja na zile zinazofanya chai kuwa kali mdomoni. Zikikutana na hewa hubadilika rangi, vile vile kiazi kilichomenywa na kuachwa mezani hubadilika. Yaani saa ya kwanza una utomvu juu ya nguo. Kesho yake una rangi ndani ya nguo, na hizo ni shida mbili tofauti. Ya kwanza inaoshwa kwa maji mengi baridi papo hapo, halafu mafuta kidogo ya kupikia au mafuta ya taa ya kulegeza ule ulimbo, halafu sabuni. Ya pili inahitaji kitu cha kuua rangi, na kitu cha kuua rangi hakijui kuchagua. Hakitauliza rangi ipi ni ya ndizi na ipi ulilipia pesa pale Gikomba.

Shikilia hilo, kwa sababu ndilo jambo lote la nguo za rangi. Shati jeupe linakusamehe. Ukilichelewesha, kuna dawa kali ya kulirudisha. Shati la rangi halina hiyo nafasi ya pili. Ulinzi wake ni saa, na saa huliwa na kimya.

Kwetu kuna doa lingine la kazi, la tumbaku. Malakisi imelima tumbaku kwa ajili ya kampuni kwa miaka mingi, na mtu yeyote aliyewahi kuvuna majani yake mabichi anajua ule ulimbo unaoganda mikononi na kwenye nguo, unanata, kisha unakuwa mweusi. Sabuni peke yake inateleza juu yake. Lazima mafuta yatangulie, ulimbo ulegee, ndiyo sabuni ije ibebe vyote viwili. Wazee waliolima waliijua hii bila kufundishwa na mtu. Na hawakuficha. Nguo ya shamba ilitundikwa nje ya mlango, wazi, kila mtu anaiona, manake doa lake lilisema mtu huyu amefanya kazi.

Kuna hata tope tunaloliheshimu. Kwetu Wabukusu, Agosti ya mwaka wa tohara, ambao ni mwaka wa namba shufwa, mvulana hupelekwa mtoni alfajiri akapakwa tope, akarudi nalo nyumbani huku watu wakimwimbia. Hakuna mtu anayemwambia aende akabadilishe. Hilo ni tope, ni chafu kama tope lingine lolote, lakini kijiji kizima kimekubaliana kwamba si aibu.

Basi aibu haiko kwenye kitu kilichoangukia kitambaa. Tunaiweka sisi, na tunachagua nani aibebe.

Hebu sasa tuangalie damu. Kati ya madoa yote, damu mbichi ni moja ya yale rahisi. Ina protini, kama yai. Yai likiingia maji moto linaganda, na damu ni hivyo hivyo: ukiimwagia maji moto umeipika ndani ya uzi. Maji baridi, yabadilishe mara mbili tatu, kisha sabuni ya kipande, sugua taratibu, suuza. Kama ni mbichi, mara nyingi mchezo umeisha kabla chai haijachemka. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

Lakini damu ipi inakuja kuwa sugu nyumbani kwetu? Ile ya msichana. Kaka akiumia goti uwanjani, kaptura inavuliwa hadharani, inatumbukizwa kwenye beseni, watu wanacheka, imeisha. Dada yake anajifunga sweta kiunoni saa nne asubuhi, anakaa nalo hadi jioni, anafika nyumbani anaficha sketi hadi Jumamosi ambapo hakuna mtu karibu na bomba. Sketi ni ile ile ya sare, rangi ile ile, maji ni yale yale. Tofauti ni siku nne. Halafu mtu anaishika, anatikisa kichwa, anasema ati damu ya hedhi haitoki. Inatoka, bana. Haikupewa nafasi.

Usifikiri hii ni mambo ya vijijini. Tarehe 14 Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti jijini Nairobi na suti nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake walilalamika, Spika akamwomba atoke akabadilishe nguo. Yeye alisema aliliona doa kabla ya kuingia na akaamua asirudi nyumbani, kwa kuwa alikuwa anapigania taulo za hedhi kwa wasichana wa shule. Unaweza kumpenda au usimpende, hayo ni yako. Mimi nilichoona ni bunge zima, lenye watu waliosoma sheria, likishindwa kukaa chumba kimoja na doa. Na hii ni nchi ambayo tangu 2017 sheria yake ya elimu inaitaka serikali impe kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe taulo za bure na za kutosha. Sheria tunayo. Ujasiri wa kusema "nimechafuka, nipe maji" ndio bado.

Msichana si peke yake anayebebeshwa. Kuna mtu mwingine, na wewe unayesoma hii kwenye simu yako pengine unaye: mama fua.

Senge yangu, yaani shangazi upande wa baba, alifua nguo za watu Kitale kwa miaka. Nilikuwa nikienda kwake likizo, namtazama akifungua furushi. Hakuanza na maji. Alianza na pua. Alinusa doa, akalikunja kwa vidole, akalitazama kwenye mwanga. Likiwa gumu kama karatasi, hiyo ni uji, maziwa, yai au soda. Likipitisha mwanga kama karatasi ya mandazi, hayo ni mafuta. Likiwa na ukingo wa kahawia na katikati kweupe, ni chai au juisi iliyokaukia hapo. Alikuwa anafanya uchunguzi, na alikuwa analazimika kuufanya kwa sababu mwenye nguo hakumwambia kitu. Wiki nzima ya ajali za familia imekunjwa pamoja, mchuzi wa Jumatatu umekumbatiana na lipstiki ya Ijumaa, halafu anaambiwa: "Hakikisha zimetoka zote."

Zote! Wewe uliyemwaga unajua ni nini, unajua ni lini, na hukutia hata maji. Yeye amekuja saa tatu asubuhi Jumamosi, ana furushi, ana maji ya mitungi uliyohesabu, na ana nyumba nyingine ya kwenda mchana. Lisipotoka, kosa ni lake. Akisugua kwa nguvu na kitambaa kikachujuka, kosa ni lake. Akimwaga Jik kwa hofu ya kulaumiwa, na shati la kijani likawa na ramani nyeupe kifuani, kosa ni lake na pesa inakatwa. Senge alikatwa hivyo zaidi ya mara moja, na nyumba moja ilimlipa siku nzima kwa shati ililokuwa imelivaa miaka mitatu.

Naomba tusome sheria kidogo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaorodhesha sababu ambazo mwajiri anaweza kukata mshahara. Mali ikiharibika, anaruhusiwa kukata kiasi cha haki, lakini pale tu ambapo mfanyakazi alifanya kwa makusudi. Makusudi! Mama aliyepambana na doa lako la wiki nzima akashindwa hajakuharibia kwa makusudi. Na sheria hiyo inamtambua hata kibarua anayelipwa mwisho wa siku. Mambo ya mshahara wenyewe nayo yameandikwa: agizo la mishahara la 2022 liliweka kima cha chini cha shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kawaida wa Nairobi, na mtumishi wa nyumbani ametajwa humo kwa jina la kazi yake. Sasa rudi kwenye ile bei unayobishania mlangoni ukiwa umeshika kikombe cha kahawa.

Najua jibu lako. "Lakini si yeye ndiye mtaalamu? Si ndiyo kazi yake?" Sawa kabisa, ni mtaalamu. Daktari pia ni mtaalamu, na bado ukiingia chumbani kwake anakuuliza unaumwa wapi na tangu lini. Hujawahi kukaa pale kimya umekunja uso ukimngoja abahatishe, kisha ukakata ada yake kwa kukosea. Utaalamu wa mtu hufanya kazi vizuri ukiupa ukweli. Na kama kweli unaamini ni mtaalamu, mlipe kama mtaalamu. Huwezi kumwita mtaalamu wakati wa lawama na kibarua wakati wa malipo.

Kuna jibu la pili, nalo lina mashiko zaidi: "Hata nikisema mapema, madoa mengine hayatoki." Kweli. Rangi ya nywele haitoki. Rangi ya ukuta wa nyumba iliyokauka haitoki. Dokezo la manjano ya pilau linaweza kubaki hata ukikimbia. Sikuahidi kwamba ukweli unatoa kila kitu. Nasema kimya hakijawahi kutoa chochote, na kinabadilisha mengi yanayotoka kuwa yasiyotoka. Hata doa lililoshinda, ukilijua mapema, utaliacha kwa amani badala ya kuiua nguo nzima ukilifukuza.

Manake nguo nyingi za rangi haziuawi na doa. Zinauawa na tiba. Na hapa nina ugomvi na zile video fupi mnazotumiana usiku.

Ile ya kwanza: magadi soda na siki pamoja, povu linafura, muziki unapanda, doa linapotea. Kwetu kila nyumba inajua munyu wa musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu, tunayotia kwenye mboga ngumu zilainike. Maji hayo ni ya upande mmoja na magadi. Siki na limau ni upande mwingine. Ukivichanganya, kimoja kinaua kingine, povu ni hewa inayotoka, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi. Umetazama vita vya wanyonge wawili. Ulitaka siki kwa doa la chai? Tumia siki peke yake, iliyozimuliwa kwa maji. Ulitaka magadi kwa harufu ya jasho? Tumia magadi peke yake. Povu ni la kamera.

Ya pili ni hatari kabisa: Jik na siki, au Jik na limau. Nasema Jik kwa vile sote tunaita hivyo bleach yoyote ya klorini, hata ya kampuni nyingine. Ukiitia asidi inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu za ploti hazina hata dirisha. Mama fua amefungiwa humo na beseni, nawe umemwachia chupa mbili bila neno. Hiyo si siri ya usafi, ni kumpa mtu sumu avute. Hata kuichanganya na dawa za choo usithubutu.

Ya tatu inapendwa na watu wazima: loweka nguo mpya kwenye chumvi ili rangi isitoke. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati anaitia rangi. Nguo ikishafika kwako, rangi ambayo haikushika haitaanza kushika kwa sababu ya kijiko cha Kensalt. Kitenge kinachotoa rangi kifue peke yake, kwa maji baridi, haraka, kianike kivulini. Basi.

Na kuna matangazo. Tangu nikiwa mtoto hadithi yao ni moja: mtoto anachafuka, mama anatabasamu, mama anafua, mama anashinda. Baba yuko wapi? Amevaa shati lililofuliwa. Doa limepewa jinsia, na hiyo ni sehemu ya aibu ninayosema. Chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, kulikuwa na somo la Sayansi Kimu lenye mada nzima ya kufua na kuondoa madoa, kwa sababu zake na mpangilio wake. Ni kemia kamili. Lakini wavulana wengi tulilicheka tukaliita somo la wasichana, tukaenda kukariri jedwali la elementi bila kujua kwamba dada zetu wanaitumia kemia ile ile karibu na bomba. Leo ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, ana digrii, ana sneaka za elfu nane, na akimwagikiwa na mchuzi anaikunja nguo na kuitupa kwenye kikapu, imngoje mwanamke fulani.

Wacha basi nikupe alichokuwa anafanya Senge, pamoja na sababu, uone kwamba hakuna siri ya kike humo.

Kwanza, toa kilicho juu. Chakula kikwangue kwa kijiko. Tope liache likauke, lipukute, ndipo uloweshe, kwa maana tope bichi ukilisugua unalisukuma ndani. Kila kitu kingine usikiache kikauke. Gusa kwa kitambaa safi, bonyeza, usipake huku na huku. Anzia ukingoni uende katikati, usilikuze.

Pili, maji baridi kabla ya yote, na yapitishe kutoka nyuma ya kitambaa ili doa lisukumwe lilikotoka. Hapo tayari damu, maziwa, jasho na soda zimepungua sana.

Tatu, lipe doa kinachofanana nalo. Mafuta ya chapati na lipstiki: sabuni ya maji ya vyombo, kwa sababu imetengenezwa kushika mafuta, paka moja kwa moja, ngoja dakika kumi na tano. Wino wa biro: spiriti, au ile sanitaiza iliyobaki tangu Korona. Weka kitambaa kikuukuu chini, gusagusa kwa pamba, badilisha pamba kila ikichafuka. Chai, kahawa na juisi: siki kidogo kwenye maji, kisha sabuni. Kutu ya waya wa kuanikia: limau na chumvi, na kamwe usitie Jik, inaifanya kutu kuwa mbaya zaidi. Manjano ya mchuzi yatakushtua, yakigusana na sabuni yanageuka mekundu. Usitupe shati. Suuza, hiyo rangi inarudi, halafu manjano ni doa adimu ambalo jua hulififisha.

Nne, jaribu kwanza mahali pa siri. Pindo la ndani, chini ya kola. Tone moja, dakika tano, bonyeza kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikinyakua rangi, dawa hiyo si ya nguo hiyo. Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayookoa nguo za rangi. Soma pia kile kitambulisho kidogo cha ndani, hata cha mtumba. Pembetatu ni habari ya bleach. Ikiwa imekatwa kwa msalaba, usitie yoyote. Ikiwa na mistari miwili ya mshazari, ni zile zisizo na klorini peke yake.

Tano, usianike juani wala kupiga pasi kabla hujahakikisha doa limeondoka, ukiacha yale manjano. Joto linafunga mlango. Kama bado lipo, rudia. Senge angerudia mara tatu kabla ya kugusa chupa yoyote kali, na alikuwa na nyumba mbili za kufulia kwa siku. Wewe una nguo moja na wikendi nzima.

Ona kwamba katika hatua hizo zote kitu cha gharama kubwa ni muda, na taarifa yenye thamani kubwa ni mbili tu: ni nini, na lini. Zote ziko kichwani mwa aliyechafua, si aliyekuja kufua.

Kwa hiyo nina madai, na si mengi. Ukichafuka, sema siku hiyo hiyo, na uitie nguo maji baridi wewe mwenyewe, hata kama una ndevu. Ukimwachia mama fua nguo, zenye madoa ziweke kando na umwambie: hii ni mafuta, jana, hii ni wino, juzi, hii sijui. "Sijui" pia ni taarifa. Lisipotoka, mlipe pesa yake yote, na ukitaka kumkata, kaonyeshe kwanza makusudi yake yako wapi. Kama una dada mdogo, au binti, au mwanafunzi, mwonyeshe beseni liliko na umwambie kwamba halihitaji ruhusa wala kufungiwa mlango. Na mvulana wa nyumba hiyo hiyo afundishwe kufua damu kwa maji baridi, yake na ya mtu mwingine, kabla hajafundishwa kuendesha gari.

Kama hayo ni magumu, endelea kununua chupa. Duka halitafunga. Lakini shati lile la kijani halitarudi, na mama uliyemkata pesa Jumamosi anakumbuka nyumba yako kwa namba ya mlango.